Ukosi wa Mnjala

Ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la vipuri,
tuna chumba kisicho na dirisha.
Lilikuwapo. Hansraj aliliziba kwa matofali
mwaka ule tulioletewa taa,
akasema jiwe halisemi kweli mbele ya jua.

Mimi ndiye wa taa.
Miaka kumi na mmoja sasa. Kabla ya hapo nilikuwa benki, dirisha la nne,
nikipitisha noti za watu chini ya zambarau hiihii,
nikitafuta uzi unaowaka.
Noti nilizijua. Mawe yamenishinda tabia.

Mnjala alikuja kwa basi la usiku kutoka Voi.
Akafungua leso, akafungua karatasi ndani ya leso,
akafungua na pumzi aliyoibana tangu Mtito Andei:
turmalini ya kijani,
kijani cha jani la mkunde lililonyeshewa,
kubwa kama punje ya hindi bichi.
Na zile za kahawia, kiganja kizima,
alizozitia tu zisaidie uzito.

Nikafunga mlango. Nikazima balbu.
Tukakaa gizani, watu wawili wasiojuana,
tukisikia spana ikianguka huko chini
na mtu akimwapia mteja kwa jina la mamake
kwamba bei ni hiyo.

Nikawasha wimbi refu.

Kilichowaka kwanza ni ukosi wa shati lake.
Weupe wa buluu, kama maziwa yaliyopitiwa na umeme:
ukosi, mishono ya mfuko, kingo za mikono,
kila mahali sabuni ya unga ilipogoma kusuuzika.
Nikaiona jana yake yote. Ndoo moja, maji ya kununua,
shingo ya shati ikisuguliwa mara mbili
ili Nairobi isimdharau.
Yeye hakujua kwamba anang'aa.
Alikuwa akilitazama jiwe.

Jiwe lilinyamaza.
Nikabadili, wimbi fupi, nikavaa miwani.
Kijani kikawa shimo tu mezani.
"Limekufa?"
Hapana, nikamwambia, ndivyo lilivyo.
Pengine lina chuma ndani. Chuma kikipewa mwanga
hukila chote, hakirudishi chenji.
Wala bei yake haitoki hapa.
Lakini sikio lake lilikuwa limebaki kwenye hapana.

Ndipo kiwiko chake kikagusa karatasi,
zile za kahawia zikamwagika chini ya taa
na kuwaka manjano.
Si manjano ya rangi ya duka. Manjano ya jikoni,
ya kinu, yale yanayokaa kwenye kucha siku tatu.
Mawe ya kuongezea uzito,
yote kwa pamoja, kama darasa lililosahauliwa na mwalimu.

Hakuna aliyesema.

Miali yenyewe hatuioni, urujuanimno,
na hilo hunisumbua hata leo.
Kinacholipiga jiwe hakionekani;
tunachoona ni kile jiwe limekirudisha,
kimepungua nguvu kidogo
na kimekuwa rangi.

Nikaandika kwenye daftari la Hansraj:
Kijani, jiwe moja. Haliwaki. Safi.
Kahawia, mawe ishirini na matatu. Yanawaka manjano, wimbi fupi.

Kijani kilinunuliwa, na Mnjala hakubishana.
Za kahawia Hansraj alizisukuma kwa ncha ya kalamu.
Nani, akauliza, atavaa pete gizani?

Mnjala akazihesabu upya. Akazitia karatasini, karatasi lesoni,
leso mfukoni, upande wa moyo.
Lile la kijani aliliacha mezani bila kuliaga.

Balbu ilipowaka shati likawa shati,
jeupe lililochoka, lenye doa la chai kifuani.
Nilitaka kumwambia.
Nikamwelekeza kituo cha basi:
shuka ngazi, pinda kushoto, pita wauza matairi,
ukifika kwenye daraja utakuwa umepotea.